Siku Tuliyomsindikiza Mama Mpaka Haiwei

Sisi tuliokulia Arlington, Texas, kabla simu hazijajifunza kusema "kata kulia" tuliishi katika mji usiokuwa na basi wala aibu ya kukosa basi. Treni tuliisikia ikipiga honi huko mbali, lakini ilikuwa ya mizigo, na sisi hatukuwa mizigo. Ukitaka kwenda mahali, uwe na gari. Huna gari, kaa nyumbani umshukuru Mungu kwa kiyoyozi. Watoto wa leo wananuna eti gari waliloitisha kwa simu limechelewa dakika nne. Dakika nne! Sisi tulikuwa tukimngoja mtu mwenye vani baada ya mkutano wa injili mpaka mahubiri yote yanatutoka kichwani.

Nilikuwa na miaka tisa tulipotoka Kisii, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba watu wa huku hawatembei. Njia ya miguu ilianzia vizuri kabisa kwenye lango la nyumba zetu za kupanga, ikaenda kidogo, halafu ikaishia kwenye nyasi, utadhani fundi aliitwa kula na hakurudi. Mama na mimi tulipita kwenye hizo nyasi kwenda dukani. Siku moja gari la polisi likasimama kando yetu, taa zinawaka. Akashuka kijana mwenye adabu zake, akamuuliza Mama gari lake limeharibikia wapi. Mama akamwambia hana gari. Akauliza kama tumepotea. Mama akasema hapana, tunatoka kununua vitunguu. Yule kijana alitutazama kwa huruma ambayo sijaisahau mpaka leo, akatupakia nyuma, akatufikisha mlangoni na vitunguu vyetu. Majirani walichungulia kwenye mapazia yote. Kwa muda mrefu watoto wa ghorofa ya chini waliniuliza Mama alikamatwa kwa kosa gani, nami nikawaambia ukweli, kwamba ni vitunguu.

Nilikuwa pia na maswali yangu ya siri. Kwa nini taa za barabarani huku zinaning'inia kwenye waya, upepo ukivuma zinayumba, na ikianguka ile nyekundu juu ya gari tulilopanda, tutaruhusiwa kuendelea? Kile kitufe cha kuvukia barabara kimeunganishwa na nini? Nilikibonyeza na kungoja, nikakibonyeza tena, na nikaamini kuna mtu ofisini mahali fulani anayeniona na kucheka. Lakini basi la shule lilinifidia hayo yote. Likisimama, linatoa mkono wa chuma wenye alama nyekundu, na magari yote yanatulia, pande zote mbili, hata malori makubwa. Yananingoja mimi, mtoto wa Kisii mwenye kiporo cha ugali ndani ya begi. Nilikuwa nashuka polepole makusudi.

Sasa, kwetu mgeni hatolewi nje kama paka. Anasindikizwa. Kisii ungemsindikiza mpaka mtoni, mkifika mtoni hadithi haijaisha, mnaendelea mpaka kwake, naye anaona vibaya urudi peke yako. Tatizo la Arlington ni kwamba mgeni akitoka mlangoni ameshafika kwenye gari lake. Mama aliona hiyo ni dharau, kwa hiyo akabuni utaratibu wake. Mgeni anaingia garini, anafunga mkanda, anawasha injini, na hapo ndipo mazungumzo ya maana yanaanza. Mama ameegemea dirisha, Baba ameegemea boneti. Habari zote nzito za ukoo wetu, za harusi, za vifo, za nani amepata makaratasi ya ukaazi, nilizisikia nikiwa nimesimama kando ya gari linalonguruma.

Baba aliona hata hiyo haitoshi. Siku hizo tulishapata gari, bovu, naye alikuwa akilichukua anamfuata mgeni nyuma mpaka pale panapoingiliwa haiwei, ile barabara kuu ya mwendo wa kasi, anamulika taa mara mbili, anarudi nyumbani na moyo mweupe. Kuna mgeni mmoja kutoka Houston ambaye hakuwa na habari na mila hiyo mpya. Akaona gari linamfuata kila kona. Akaongeza mwendo. Baba naye akaongeza asimpoteze. Yule bwana aliingia kwenye kituo cha mafuta, akajificha dukani nyuma ya rafu za chipsi, na Baba akamfuata mpaka humo humo kumwambia safari njema.

Mama alipopata leseni, tulishangilia wiki nzima, na tulishangilia mapema mno. Alikuwa amezoea nchi ambayo gari linapita upande wa kushoto. Huku kukata kushoto ni kuyakatiza magari yanayokuja, na Mama alisema hakuja Amerika kujiua. Kwa hiyo alikata kulia tu. Kanisa letu lilikuwa upande wa kushoto wa lango, basi tunakata kulia, tunakata kulia tena, tunapita shuleni, tunapita kwa muuza matairi, tunakata kulia, tunatokea kanisani kwa nyuma wimbo wa pili ukiimbwa. Nilikuwa msichana mkubwa nilipogundua kwamba kanisa lilikuwa jirani yetu.

Haiwei ndiyo hakutaka hata kuisikia. Kwetu mtu akitaka kuingia barabara kubwa anasimama, anatazama, dereva mmoja anamwonea huruma, anaingia. Hapa unatakiwa kuingia ukiwa mbioni, katikati ya malori, na hakuna anayekujua. Baba alimpeleka kujaribu mara moja. Mama alipanda ile njia ya kuingilia vizuri, akafika mwisho wake, akasimama kabisa, akaweka indiketa, akaanza kungoja kuonewa huruma. Honi zilizopigwa nyuma yetu, sitaki hata kuzikumbuka. Mwishowe alizunguka akakaa upande wa abiria, akafunga macho, akamwambia Baba, "Nipeleke nyumbani."

Jambo hilo lingebaki la kuchekwa tu kama si kazi. Mama alikuwa muuguzi Kisii, muuguzi hasa, lakini Arlington miaka yote hiyo alikuwa akiogesha wazee kwenye nyumba ya wazee ya jirani, huku akisomea mitihani ya huku kwenye meza ya jikoni. Alikuwa akiweka miguu ndani ya beseni la maji baridi ili asilale juu ya kitabu. Nilimwona mimi, kwa sababu nilikuwa nikimwongezea barafu. Alipofaulu, Anti Moraa, rafiki yake wa kanisani ambaye alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Fort Worth, akamtafutia nafasi hapo hapo. Aanze Jumatatu, saa moja kamili asubuhi. Na Fort Worth ilikuwa ng'ambo ya haiwei.

Alhamisi Mama alijaribu kwenda kwa vichochoro, akikata kulia kwake. Aliondoka asubuhi akarudi wakati wa chakula cha mchana, na hospitali yenyewe hakuiona. Anti Moraa akamwambia bila kumficha kwamba msimamizi wa wodi hamngojei mtu, akikosa Jumatatu nafasi inakwenda kwa mwingine. Baba hangeweza kumpeleka, kwa sababu kulipokucha yeye alikuwa ameshabebwa na vani ya wafanyakazi kwenda kwenye ghala huko Garland. Jioni ile Mama aliketi kitandani na viatu vyake, akasema, "Nitabaki na wazee wangu. Wazee hawana haiwei." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, bafuni, nikiwa nimelikalia lile beseni.

Baba hakubishana naye. Alikunywa chai yake mpaka chini, akaweka kikombe, akasema, "Mama Kerubo, wewe kwenye haiwei ni mgeni tu. Na mgeni anasindikizwa."

Mpango ulikuwa mdogo. Jumapili baada ya ibada Anti Moraa atangulie, Mama afuate, nyuma aje Papa Bahati, mtu wa Bukavu aliyefanya kazi na Baba ghalani na ambaye ndiye mwenye ile vani. Tuingie haiwei, tufike hospitali, Mama aijue njia, basi. Lakini jaribu wewe kuwaambia watu wa kwetu kwamba kuna mtu anasindikizwa halafu uwaombe wabaki nyumbani. Papa Bahati aliiambia kwaya. Kwaya ikawaambia akina mama wa ushirika. Tulipotoka nje, magari yalikuwa yamejipanga kuzunguka kanisa, na wale akina mama walikuwa wamevaa sare zao nyeusi, kwa sababu ilikuwa Jumapili yao ya kuimba. Anti Moraa alikuwa na gari refu jeusi alilolinunua kwa mtu aliyehama, na kwenye dirisha la nyuma aliweka maua ya madhabahuni ampelekee mgonjwa wake mmoja. Baba, mtu wa mipango, akapita gari moja moja akiamuru kila mtu awashe taa kubwa na zile za tahadhari, tusipoteane. Na twende polepole.

Papa Bahati akaja kwenye dirisha letu. "Usiogope, Mama. Miye niko nyuma yako. Hakuna mutu atakugusa."

Tukaondoka. Baba mbele na Mama, mimi nyuma peke yangu na sahani ya mandazi mapajani. Kwenye makutano ya kwanza taa ilikuwa nyekundu, na kulikuwa na polisi pale. Alituona, akaingia katikati ya barabara, akainua mkono kuyazuia magari mengine yote, akatupungia tupite. Taa nyekundu! Baba alijiweka sawa kwenye kiti. "Nadhani wamepata habari," akasema.

Baada ya hapo ikawa maajabu. Gari la mbele yetu likasogea kwenye nyasi, likasimama. Pikapu moja ikasogea. Nyingine ikasogea. Magari yaliyokuwa yakija upande wa pili nayo yakaanza kusimama, moja baada ya lingine, kama kwa basi langu la shule. Mzee mmoja wa Kizungu alishuka kabisa kwenye pikapu yake, akavua kofia yake pana, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa. Mama akashusha dirisha. "Asante," akamwambia. "Asante sana, Mungu akubariki." Akampungia mkono huku akicheka. Yule mzee aliinua macho, akashtuka kidogo, halafu akainamisha kichwa tena zaidi ya mwanzo.

"Watu wa Texas wana heshima," Baba akasema.

Tukaifikia njia ya kuingilia haiwei. Anti Moraa akapanda. Mama akapanda nyuma yake, na nikaona mabega yake yanainuka mpaka masikioni. Upande wa kushoto lori lilikuwa linakuja, refu, jeupe. Nikafunga macho. Nilipofungua, lori lilikuwa limepunguza mwendo, na magari yote ya nyuma yake yamepunguza, na mbele yetu haiwei ilikuwa tupu na pana utadhani imefagiliwa. Mama akaingia. Hakusimama, hakungoja, aliingia tu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Baba Kerubo, niko haiwei." Baba akamwambia anaona. Akarudia, "Niko haiwei mimi." Nilifurahi mpaka mandazi yakanimwagikia sakafuni, na hakuna aliyenigombeza.

Uwanja wa hospitali tuliujaza. Akina mama walishuka na vigelegele, soda zikatoka kwenye mabuti ya magari, Papa Bahati akamshika Mama mikono miwili akimwambia, "Umeweza, Mama, niliona na macho yangu." Ndipo akaja mlinzi wa hospitali, mtu mzima, kofia yake kaishika mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwa Anti Moraa, akampa pole kwa sauti ya chini, akamuuliza marehemu alikuwa nani.

Vigelegele vikakatika. Anti Moraa, ambaye alikuwa ameishi Texas muda mrefu kuliko sisi sote, aliligeukia gari lake refu jeusi. Akaangalia maua dirishani. Akawaangalia akina mama na nguo zao nyeusi, na taa za magari zilizokuwa bado zinawaka mchana kweupe. Akaketi kwenye bampa, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Alipopata pumzi akatueleza kwamba watu wa huku wakiona magari mengi yamewasha taa yanakwenda polepole, wanajua kuna mtu anazikwa, na wanasimama kando kumpa heshima zake za mwisho.

Baba aliona aibu, akataka kurudi kuomba msamaha barabara nzima. Mama aliigeuzageuza soda yake mkononi. Niliogopa, kwa sababu nilidhani anaona ushindi wake umekuwa bure, kwamba haikuwa yeye aliyeweza, walimhurumia tu maiti asiyekuwepo. Akafunga soda yake, akamwambia Anti Moraa, "Mwambie ni mwanamke mmoja mwoga, ametoka Kisii. Mwambie hatutamwona tena." Anti Moraa akatafsiri. Yule mlinzi alifikiri kidogo, akavaa kofia yake, akapokea soda.

Jumatatu hakuna aliyesimama kando. Baba alitaka kuomba ruhusa kazini aketi kando yake, Mama akakataa, akaondoka peke yake na lile gari bovu. Mimi nilikuwa na hofu tangu alfajiri, nikakaa kando ya simu ya ukutani na begi langu mgongoni. Ilipolia niliinyakua kabla haijamaliza mlio mmoja. "Nimefika," Mama akasema, akakata, maana simu ilikuwa ya hospitali. Nilishuka ngazi nikiruka, na basi la shule lilipokuja nilipanda haraka kwa mara ya kwanza.

Leo naishi Stafford, huku upande wa Houston, na nina binti wa miaka kumi na saba anayeitwa Nyanchama, ambaye leseni haitaki. Anasema haiwei inamletea mawazo. Sisi tulionywa tusipande gari la mtu tusiyemjua hata akitupa peremende. Yeye anamwita huyo mtu kwa simu, anapanda, anaziba masikio, na wakifika anampa nyota. Muulize kaskazini ni wapi, anaitazama simu. Na wageni wake ndio usiseme. Wanasimama kibarazani na vichwa chini wakitazama kigari kidogo kinavyosogea kwenye kioo cha simu, gari linakuja, wanaingia, kwisha. Hakuna aliyeegemea dirisha. Nashindwa kuelewa hawa watoto wanapashana wapi habari za vifo.

Juzi Mama alikuja kututembelea. Bado anaendesha mwenyewe kutoka Arlington mpaka Stafford, mwendo wa saa nne barabarani, na anakata kushoto anavyotaka. Baada ya chakula cha mchana akajifunga leso yake, akaaga. Nyanchama alikuwa amejilaza kwenye kochi. "Bai, Nyanya," akasema, akainua simu kumwonyesha nukta ya buluu. "Nakuona hapa. Nitakuwa nakuona njia nzima."

"Ndiyo unanisindikiza na hicho?" Mama akauliza.

"Eeh."

Mama akacheka, lakini nilimwona akiutazama mlango mara ya pili kabla hajatoka. Moyo uliniuma. Niliegemea dirisha lake mpaka hadithi zikatuishia, halafu nikachukua gari langu nikamfuata mpaka haiwei. Aliingia katikati ya malori kama mtu anayeingia jikoni kwake. Nilimulika taa mara mbili, nikarudi.

Nyanchama alikuwa pale pale kwenye kochi. Niliandaa hotuba yangu njiani, ikaiva, nikaanza kuitoa kuhusu kizazi kisichojua kuinuka. Nilizungumza sana. Nikapika, nikaosha vyombo, nikaendelea kuzungumza, na yeye kainamia simu yake. Halafu akasema, "Mum, Nyanya amesimama."

Nikamwambia anaweka mafuta.

"Ameshaweka. Alitoka haiwei kwenye kamji fulani, akaweka mafuta, akaondoka. Sasa amesimama kando ya barabara. Hapa hakuna kitu."

Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nukta ilikuwa imetulia kabisa. Nyanchama alikuwa ameshavaa viatu. "Twende," akaniambia, na mtoto huyo kutoka kochini huwa namvuta kwa kamba. Ndipo nikaelewa kwamba tangu nyanya yake aondoke hakuwa ameiondolea macho ile nukta. Nilitafuta funguo, nikizikosa mezani ambako huwa ziko siku zote. Tulikuwa mlangoni simu ilipolia.

"Mbona mnanipigia mfululizo namna hii?" Mama akasema. "Nilikuwa nimesimama nje ya gari."

Nikamuuliza kuna nini, anaumwa?

"Kuna watu walikuwa wanapita na maiti wao. Sasa ningepita tu mimi? Nimesimama mpaka wamekwisha. Wengine wote walikuwa wanawapita, mmoja akanipigia honi nisogee."

Nikapumua. Nyanchama alikuwa ameweka sikio lake karibu na langu, viatu bado mguuni. Nikamuuliza Mama kama waombolezaji walikuwa wengi.

"Magari matatu, Kerubo," akasema. "Matatu tu. Mimi nilisindikizwa na mengi kuliko hayo, na sikuwa nimekufa."